Upepo wa Usoni na Bawa la Kondo

Mliniomba nitoe hotuba siku ya kuniaga, nikakataa. Mnanijua: nikisimama mbele ya watu naanza kutazama majani ya miti iliyo nyuma yao, na wao hudhani nawadharau. Nimeona afadhali niandike. Mtasoma mkiwa pale kigongoni mnasubiri upepo, na kusubiri upepo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenu, hata kama picha mnazotuma kwa simu haziionyeshi.

Habari za vyeo nitaziruka. Kambi yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, anayeruka na asiyeruka, na mimi sikuwahi kuruka. Wageni walipenda kuniuliza kwa nini nimekaa miaka yote kando ya mabawa bila kuning'inia chini ya hata moja. Niliwajibu kwamba ni kwa sababu naujua ule upepo. Walicheka, kisha wakajifunga mikanda wakiwa wamenyamaza kidogo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushona maturubai. Nilikuwa na cherehani kubwa ya miguu kwenye baraza ya duka la Bwana Ramji, muuza vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, na nilishona maturubai ya malori ya mpunga wa Dakawa na mahema ya harusi. Bwana Ramji alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alizaliwa mjini hapa, kama baba yake. Sote tulijua kwamba Jumapili dukani hayupo, na tulidhani anakwenda kusali. Siku moja aliniletea kitambaa kigumu cha rangi ya chungwa, kimechanika urefu wa mkono.

"Mama Rehema, hii ushone taratibu."

"Hema la nani hili?"

"Si hema. Ni bawa. Mimi nitaning'inia chini yake."

Nilimtazama usoni nione kama ana homa. Kisha nikashona, nikafumua, nikashona upya.

Kwa atakayesoma haya naye hajafika kwetu, bawa ni kitambaa kilichotandazwa juu ya mabomba mepesi yaliyokazwa kwa nyaya, umbo la kichwa cha mshale. Rubani anajifunga mikanda chini yake, anashika chuma cha pembetatu, anakimbia mteremkoni mpaka miguu inakosa ardhi. Halina injini wala kitu kingine cha kulisukuma. Hewa inayopanda ikiwepo, anakaa juu kama mwewe. Isipokuwepo anashuka taratibu, na ikiwa inashuka, anashuka nayo. Ndiyo maana pale panahitajika mtu wa kuitazama hewa hiyo kabla yeye hajaanza kukimbia.

Jumapili iliyofuata nilipanda mlimani kuukagua mshono wangu. Wabebaji wawili walichukua bawa likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wake mrefu, mmoja mbele, mmoja nyuma, begani. Ile njia ndiyo wanayoshukia watu wa milimani wakipeleka mboga sokoni. Kila tuliyekutana naye alitupisha. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja alitua tenga lake la kabichi, akasogea kwa Bwana Ramji.

"Poleni sana, baba. Ni mtu mzima?"

"Hapana," alisema Bwana Ramji, ambaye mawazo yake yalikuwa mbali. "Bado mpya kabisa."

Yule mama alishika mdomo. Ilibidi nibaki nyuma kumweleza kwa Kiluguru kwamba mle ndani hamna maiti, mna kitambaa ambacho Mhindi huyu atajifunga nacho na kurukia bondeni. Naona maelezo yangu hayakumtuliza.

Kileleni tulikaa mpaka nikachoka. Kisha Bwana Ramji akasema turudi, bila hata kulifungua bawa. Nilikasirika. Nilikuwa nimefunga kazi, nimepanda mlima kwa viatu vya kanisani, na sasa nashuka bila kuona kitu. Njiani akaniuliza, "Umeona nini pale?"

"Upepo."

"Upepo hauonekani. Nauliza umeona kitu gani kinatikisika."

Nikafikiri. Nikamwambia nyasi zilikuwa zinalala upande mmoja, na migomba ya chini yake ilikuwa inatikisika upande mwingine. Alisimama njiani, akanigeukia, akanitazama kama mtu aliyekuta saruji ya zamani ghalani ambayo bado haijaganda.

"Jumapili ijayo uje na viatu vingine," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Baadaye yeye na rafiki zake walianzisha kambi, wakaleta mabawa mengine, wakaja marubani kutoka Dar es Salaam na nje, na mimi nikahamisha cherehani yangu kwenye kibanda cha mabati kilichoko uwanja wa chini. Kazi niliyoandikiwa ilikuwa kushona. Kazi niliyoifanya ilikuwa kutazama.

Bwana Ramji hakuwa mwalimu wa kueleza. Alinikalisha mahali, akaniuliza kinachotikisika, na kama jibu langu halikumridhisha alisema "Mhm" na kunihamisha mahali pengine. Siku moja alinikalisha kwenye jiwe moja kuanzia asubuhi mpaka kivuli changu kikahamia upande wa pili. Nilikwenda nyumbani nimekauka shingo, lakini nilikuwa nimeona jambo ambalo tangu utotoni niliishi nalo bila kulijua. Asubuhi na mapema moshi wa majiko ya milimani hauendi juu. Unateleza kufuata mabonde, ukishuka na vijito, kwa sababu hewa iliyopoa usiku ni nzito na inatiririka kama maji. Jua likishika mteremko, moshi unasita, unasimama wima kama umesahau njia, halafu unaanza kupanda. Marubani wengi huja na vipimo vyao vya gharama wakitaka kujua saa ya kuruka. Mimi niliwauliza kama mama wa nyumba ya juu amepika chai.

Mengine nilijisomea. Nilianza na kitabu cha jiografia cha binti yangu Rehema, aliyekuwa sekondari, naye alilalamika kwamba nakishika kuliko yeye. Kisha Bwana Ramji akaniazima kitabu cha Kiingereza kuhusu hewa ya milimani. Nilikisoma na kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilikuwa na sura nzima juu ya theluji. Niliisoma yote, kwa kuwa sikuwa na uhakika kama mbele haitahitajika. Haikuhitajika. Lakini kilinipa jambo moja kubwa: nililoliona mlimani lina sababu, na sababu hiyo ikieleweka mahali pamoja unaweza kuitafuta mahali pengine.

Zana zangu mnazijua, maana mmezicheka vya kutosha. Ya kwanza ni utepe wa kanda za kaseti. Hakuna kitambaa kinachosikia upepo mdogo kama ule utepe mweusi. Nilifunga vipande kwenye vijiti kuanzia uwanja wa chini, kupita mteremko mzima, mpaka kwenye ukingo wa juu nyuma ya kigongo cha kurukia. Kanda zilikuwa za muziki wa dansi, nilizipata kwa majirani waliohamia kwenye simu. Mzee mmoja wa mtaani kwangu alikataa kunipa zake mpaka nilipomwahidi kwamba bendi yake ataikuta juu kabisa, kwenye ukingo. Alipanda siku moja kuhakiki.

Ya pili ni sufi. Nilitembea na mfuko wa sufi ya mti, ile ya kujazia mito. Ukiachia kishungi kimoja, kinakwenda hewa inakokwenda, bila ubishi wala kujifanya. Utepe unakuambia habari za mahali ulipofungwa tu, lakini sufi inakusimulia safari nzima.

Ya tatu ni mto. Mkitaka kuelewa jambo baya kuliko yote mlimani petu, nendeni mtoni mkatazame maji yanavyopita juu ya jiwe kubwa. Mbele ya jiwe yanapanda vizuri. Nyuma yake yanashuka kwa kishindo, yanajikunja, na yale ya chini yanarudi kinyumenyume kulielekea jiwe. Tupa jani nyuma ya jiwe uone linavyozungushwa. Sasa milima ya Uluguru ndiyo jiwe lenyewe. Wakati wa kipupwe upepo mkubwa hutoka kusini mashariki, upande wa Matombo, unavuka ukingo na kuuangukia upande wetu wa mjini. Ukizidi nguvu unabingirika nyuma ya ukingo kama pipa. Na pipa ndilo jina tulilolipa pale kambini.

Ubaya wa pipa ni adabu zake. Sehemu yake ya chini inarudi kuelekea mlimani, kwa hiyo aliyesimama kigongoni anausikia upepo unampiga usoni kabisa, ule ambao kila rubani anauombea. Unakuja taratibu, umenyooka. Anaona amekaribishwa. Akishakimbia na kutoka mbele kidogo anakutana na sehemu inayoshuka, nayo haina habari na makaribisho hayo.

Sasa nifike kwa Kondo, maana najua ndiye mnayemsubiri.

Kondo alikuja kambini akiwa kijana wa Kisarawe, fundi wa pikipiki, akajifunza kuruka akawa rubani wetu bora. Yeye Mzaramo, mimi Mluguru. Sihitaji kuwaeleza wa huku. Kwa waliotoka mbali nitasema tu kwamba sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema, kukunyang'anya kofia, kukaa mahali pako na kudai jogoo ndipo ainuke, na wewe huruhusiwi kukasirika. Tulianza siku aliyofika. Aliniuliza kama ni kweli Waluguru tumezaliwa na mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa ajili ya kuishi mteremkoni. Nikamwambia Mzaramo ndiye mtu wa kwanza niliyemwona analipa nauli ya kutoka pwani ili aje kujitupa jabalini, maana kwao hakuna hata kichuguu cha kujitupia. Kila asubuhi akifunga mikanda nilimwambia, "Leo nakuzika, mtani. Sanda nimeshaishona." Naye alijibu, "Ishone ndefu, miguu isije ikachungulia." Kisha akaruka, akakaa juu mpaka akachoka, akatua.

Akapata mchumba. Jina lake Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi, Mluguru wa upande wa Matombo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumcheka, nikamwambia Mzaramo amekwenda kwa watani kutafuta mke atakayemtania mpaka kitandani. Lakini jambo halikuwa dogo. Kwetu mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, na mjomba wa Zuhura, Mzee Mkude, mkulima wa ndizi na karafuu, alikuwa amesikia kwamba kazi ya mkwe mtarajiwa ni kuning'inia. Hakukataa. Alisema atakuja Morogoro mara moja, atazame kazi hiyo kwa macho yake, kisha atatoa jibu. Na jibu la Mzee Mkude, Zuhura alituambia, huwa halirudiwi.

Siku ilipangwa katikati ya kipupwe. Nilimwambia Kondo aruke asubuhi, mara jua linapoushika mteremko wetu na kabla upepo wa juu haujachachamaa. Tukapanda mapema. Saa nne hewa ilikuwa kama ilivyoagizwa: tepe zote zinaelekea mlimani kwa upole, hata ya ukingoni imelala tu, na mwewe wawili wanazunguka juu ya mabati ya shule bila kupiga bawa. Kondo alivaa shati jipya. Lilikuwa halionekani ndani ya mikanda, lakini alilivaa.

Tatizo lilikuwa barabara ya Matombo. Mzee Mkude alipanda lori la ndizi, na lori likakwama mahali ambapo malori yote hukwama. Zuhura, aliyekuwa anasubiri uwanja wa chini, alipiga simu kila baada ya muda. Mjomba yuko njiani. Mjomba anasukuma lori. Mjomba amekataa kusukuma tena, amekaa. Tuliisikiliza asubuhi nzuri ikiondoka. Mchana tepe za mteremko zilianza kuchezacheza, na wale mwewe sikuwaona tena.

Saa tisa Zuhura akapiga tena. Kondo aliweka simu kwenye spika.

"Mjomba amefika. Anaondoka leo leo, lori linageuza jioni. Zungumza naye."

Sauti ya mzee ikaingia. "Wewe kijana uko wapi?"

"Shikamoo mzee. Niko juu."

"Juu hewani?"

"Juu mlimani, mzee."

"Hata mimi nimetoka juu mlimani. Sikuleta watu kunitazama."

Marubani wenzake waliokuwa pale, wanne, waliangua kicheko. Kondo hakucheka. Akaanza kufunga mikanda.

Pale kigongoni upepo ulikuwa unampiga usoni, taratibu, umenyooka. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa wa mlingotini, ilikuwa imejaa vizuri, inaelekea mlimani. Mtu yeyote angesema ruka. Mimi nilikuwa natazama nyuma. Utepe wa ukingoni, ule wa bendi ya yule mzee, ulikuwa umenyooka kama waya, nao unatuelekea sisi. Vipande vya wingu vilikuwa vinavuka ukingo na kushuka kwetu vikiyeyuka. Nikachukua kishungi cha sufi nikakiachia.

Kilikwenda nyuma, kikafuata mteremko kupanda. Kilipokaribia ukingo kikainuka ghafla, kikarudi juu ya vichwa vyetu kuelekea bondeni, kasi. Halafu, mbele yetu, mahali ambapo Kondo angekuwa baada ya kuhema mara chache, kikaanguka kama kimefungwa jiwe. Niliachia cha pili. Kikafanya vilevile.

"Kondo," nikasema, "ni pipa. Usiruke."

"Mtani, leo usinifanyie hivyo."

"Sikutanii."

"Kila siku unanizika, na kila siku unasema hutanii."

Hapo wenzake walicheka tena, na nikaelewa niko mahali gani. Maneno yote ya hatari nilikuwa nimeshayatumia kwa mzaha. Kanuni ya kambi wakati ule ilikuwa kwamba mtazamaji anasema na rubani anaamua. Bwana Ramji, ambaye neno lake moja lingetosha, alikuwa dukani anauza misumari, na simu yake, kama kawaida, ilikuwa kwenye droo. Nilimweleza Kondo habari za sufi. Aliniambia kwa adabu kwamba sufi haina rubani. Nikamwonyesha utepe wa ukingoni. Akaniambia ataruka mbele, haendi ukingoni. Kisha akasema, polepole ili wenzake wasisikie, "Mama Rehema, nisiporuka leo namkosa yule binti." Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu.

Alilinyanyua bawa begani. Sikuwa na mamlaka yoyote, ila nilikuwa Mluguru naye Mzaramo. Nikaenda mbele ya bawa, nikalishika pua nikalishusha chini, nikaikalia.

"Toka, mtani."

"Sitoki. Nataka jogoo."

"Nitakupa jogoo. Toka."

"Na kitenge."

"Na kitenge. Utalivunja bawa!"

"Nimelishona mwenyewe, najua linachobeba. Na mchele wa Dakawa, ule wa kunukia."

Wale wanne walikuwa wameshika mbavu. Kondo alikuwa amekunja uso, lakini hakunigusa, na sikutegemea aniguse. Mzaramo aliyelelewa vizuri hamvuti mtani wake kwa mikono, hata akiwa na haraka ya kuoa. Aliahidi mchele. Nikadai ukili wa mkeka. Akauahidi. Nikawa nafikiri nini kingine Wazaramo wanacho, na kwa kweli nilikuwa nimekaribia kumaliza, ndipo simu ikaita tena.

"Mjomba anauliza mbona huji," alisema Zuhura.

"Mwambie kuna Mluguru amelikalia bawa langu."

Tukasikia akimwambia. Kisha sauti ya mzee, karibu kabisa na simu: "Wa ukoo gani?"

Kabla sijajibu, upepo wa usoni ulikatika. Haukupungua, ulikatika, kama mtu aliyefunga dirisha. Tepe zote za mteremko zikaning'inia. Nadhani Kondo aliona wakati uleule nilioona mimi, kwa sababu alipiga kelele, "Shikeni nyaya!" Kisha upepo ukatupiga kutoka nyuma. Uliingia chini ya kitambaa, ukainua mkia wa bawa, na mimi niliyekuwa nimekaa puani nikatupwa mbele kichakani, kichwa chini, mfuko wa sufi ukapasuka. Wale wanne na Kondo walining'inia kwenye nyaya na mabomba, wote watano, na bawa bado lilikuwa linawaburuta. Soksi ya upepo ilijizungusha kwenye mlingoti wake mpaka ikajinyonga. Halafu kukatulia, na upepo wa usoni ukarudi, mpole, kama haukutoka.

Nilitoka kichakani nikiwa mweupe wa sufi toka kichwani. Hakuna aliyecheka, na nilikuwa kichekesho kweli. Kondo alilala chali kwenye nyasi akatazama juu. Kisha akajifungua mikanda, akaanza kulikunja bawa, akilipangusa vumbi kila mkunjo.

Tulishuka kwa miguu. Alibeba mbele, mmoja wa wenzake nyuma. Njiani alizungumza mara moja tu, akaniuliza kama kitenge nakitaka cha rangi gani. Nikamwambia anyamaze atazame njia.

Uwanja wa chini Mzee Mkude alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, fimbo magotini. Zuhura alisimama kando yake na macho mekundu. Kondo alitua mzigo, akamwamkia, akasimama kama mwanafunzi.

"Nimetoka Matombo," alisema mzee. "Nimekwama, nimesukuma, nimefika. Mbona hukuruka?"

Kondo angeweza kusema mengi. Angeweza kusema nilimzuia. Alisema, "Upepo haukuwa mzuri, mzee."

"Nani kasema?"

"Huyu mama."

"Nawe ukamsikiliza?"

Kondo alinitazama. "Hapana, mzee. Sikumsikiliza. Alinikalia bawa."

"Na alipoinuka?"

"Hakuinuka. Aliinuliwa na upepo. Ndipo nikalikunja."

Mzee alinigeukia, akanitazama toka miguuni mpaka kwenye nywele, ambazo bado zilikuwa na sufi. "Nilikuuliza ukoo kwenye simu, hukujibu."

Nikamtajia ukoo wa mama yangu. Alitikisa kichwa taratibu, akauliza bibi yangu alizaliwa kijiji gani, akauliza dada zake, akafikiri. Kisha akamwambia Zuhura, "Huyu ni mama yako mdogo." Na kwa Kondo, akimwelekezea fimbo: "Kwa hiyo aliyekukalia si mtani wako tena. Ni mama mkwe wako."

Ilimchukua Kondo muda kuelewa kwamba amejibiwa posa. Zuhura alielewa mapema zaidi, akageukia upande. Kondo akanitazama kwa mshtuko wa mtu ambaye ameambiwa habari njema na mbaya kwa sentensi moja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," nikajibu, na nikasikia uchungu kidogo. Nilikuwa na maneno mazuri sana ya kumwambia kuhusu shati lake, na tangu dakika hiyo nikawa sina ruhusa.

Mnaoikuta desturi ya kukalia bawa, ndipo ilipoanzia. Bwana Ramji aliposikia alisema "Mhm," na wiki ile ile akabadili kanuni: mtazamaji akishakaa, mjadala umekwisha, na haijalishi ni kabila gani. Sasa mimi naondoka kwa sababu magoti yangu yameamua kabla yangu, na nafasi ya kukaa nawaachia nyie. Msiitumie kupumzika. Kabla hamjakaa, tazameni nyuma yenu kwanza. Mbele kila mtu anatazama. Na msizoee kumzika mtu kwa mzaha kila asubuhi, ili siku mtakapomwambia ukweli ausikie kwa masikio mapya.

Kondo bado anaruka. Huja kibandani asubuhi, anasimama mlangoni, anauliza kwa heshima zote, "Mama, hali ya hewa imeamkaje?" Nikimwambia ngoja, anangoja. Nilijaribu mara mbili tatu kumchokoza kidogo, kwa kuiba, akatazama chini.

Mzee Mkude aliondoka na lori jioni ile ile, na mpaka leo hajawahi kumwona Kondo hewani. Kila akiteremka mjini na ndizi zake hupita nyumbani kwa Kondo na Zuhura, bila taarifa, wakati wa chakula. Anamkuta mkwe wake amekaa mkekani, sahani mbele yake, mikono yote miwili na miguu yote miwili ipo. Anamtazama kidogo. Halafu anavua viatu, ananawa, na kusogea kula.